Jedwali Safi au Jedwali la Kweli: Mjadala Kuhusu Kihisi cha Umbali Katika Uigaji wa Roboti

Kihisi kipya cha umbali kinapoongezwa kwenye roboti ndani ya programu ya uigaji ya Webots, huja na jedwali la mistari miwili. Mstari wa kwanza unasema kwamba kitu kikiwa umbali wa mita 0, kihisi kitoe thamani 0. Wa pili unasema kwamba kitu kikiwa umbali wa mita 0.1, kihisi kitoe 1000. Kila mstari una namba ya tatu, ambayo ni kiasi cha kelele, na katika jedwali hilo la mwanzo kelele ni 0. Umbali ulio kati ya mistari miwili hukadiriwa kwa mstari mnyoofu, hivyo sentimita 5 hutoa 500. Umbali unaozidi ule wa mstari wa mwisho hauonekani kabisa: mwale wa kihisi unakomea hapo, na thamani inayorudi ni ile ya mwisho. Ndiyo maana roboti iliyosimama nusu mita mbele ya ukuta husoma 1000, ikirudi nyuma husoma 1000, na ikisogea hadi sentimita 12 bado husoma 1000. Hii ndiyo hitilafu inayowakuta wengi wanaoanza, na dawa yake iko kwenye mstari wa mwisho wa jedwali: anayetaka upeo wa mita 2, usomwe kwa milimita, huandika umbali 2 na thamani 2000.

Webots ilianza mwaka 1996 katika EPFL, chuo kikuu cha teknolojia cha Lausanne nchini Uswisi, kwa kazi ya Olivier Michel. Tangu Desemba 2018 ni programu huria chini ya leseni ya Apache 2.0, kwa hiyo mtu mwenye kompyuta na asiye na uwezo wa kununua roboti anaweza kuandika programu za roboti na kuziona zikifanya kazi. Kwa mtu huyo, kihisi kilichomo kwenye kompyuta huenda kikawa kihisi pekee atakachokitumia kwa miaka kadhaa. Namba za jedwali ndizo zinazomfundisha jinsi roboti inavyoona. Hapo ndipo ubishi unapoanza: kihisi cha uigaji kinapotoa vipimo vinavyosumbua, je, jedwali lisafishwe hadi usumbufu uishe, au lifanywe lifanane na kihisi halisi hata kama usumbufu utaongezeka?

Katika mjadala huu upande wa kusafisha unasemewa na Mwalimu, anayefundisha uandishi wa programu za roboti. Upande wa pili unasemewa na Fundi, ambaye huunda roboti zinazotembea sakafuni. Kesi inaletwa na Mwanafunzi.

Roboti ya Mwanafunzi ni e-puck, roboti ndogo ya duara yenye kipenyo cha takriban sentimita 7, iliyobuniwa pia EPFL. Ina vihisi 8 vya infraredi vilivyouzunguka mwili wake. Programu ni fupi: kihisi cha mbele kikisoma zaidi ya 80, roboti igeuke. Mbele ya visanduku vyekundu inageuka vizuri. Mbele ya visanduku vyeusi inakwenda mpaka karibu kugusa, na ikiwa na kasi inagonga. Mwanafunzi aliipandisha 80 kuwa 100, hali ikawa mbaya zaidi. Aliishusha hadi 60, na roboti ikaanza kuzunguka papo hapo karibu muda wote, hata katikati ya uwanja mtupu. "Mwalimu," anasema, "programu nimeiandika upya mara nyingi na sioni kosa lilipo."

Kosa haliko kwenye programu, na jambo hilo pande zote mbili zinakubaliana nalo mara moja. Jedwali la e-puck linakwenda kinyume na lile la mwanzo: kadiri kitu kinavyokaribia, ndivyo thamani inavyopanda. Kikigusa, ni 4095. Kwa sentimita 1 ni karibu 1466, kwa sentimita 2 ni 384, kwa sentimita 5 ni 120, na mstari wa mwisho, wa sentimita 7, ni 67 na ushei. Basi hata pasipokuwa na kitu chochote mbele, kihisi hiki hakirudishi 0, kinarudisha 67. Anayeweka kizingiti cha 60 ameiambia roboti kwamba dunia nzima ni ukuta.

Tofauti ya rangi inatoka mahali pengine. Vihisi vya e-puck vimepangwa kuwa vya aina ya infraredi, na kwa aina hiyo Webots haipeleki umbali kwenye jedwali moja kwa moja. Kwanza huugawa kwa kigezo cha mwakisiko. Kigezo hicho huanzia 0.2 kwa kitu kisicho na wekundu wowote na kupanda hadi 1 kwa kitu chekundu kabisa chenye uso laini. Uso wenye ukwaruzo hukishusha. Kisanduku chekundu kilicho sentimita 6 hubaki sentimita 6. Kisanduku cheusi kilicho sentimita 6 hugawanywa kwa 0.2 na kuhesabiwa kana kwamba kiko sentimita 30, nje kabisa ya upeo. Thamani 80 kwenye jedwali iko karibu na sentimita 6.65, kwa hiyo kisanduku cheusi hakiwezi kuifikisha mpaka kiwe sentimita 1.3 tu kutoka kwenye kihisi. Roboti yenye kasi haina nafasi ya kugeuka ndani ya sentimita 1.3.

Baada ya hesabu hiyo, Mwalimu anatoa hoja yake bila kuzunguka. Kihisi kibadilishwe aina kiwe "generic", ile isiyojali rangi, kelele iondolewe, na jedwali liwe mstari mnyoofu wa umbali kwa milimita. Anayetafuta hitilafu, anasema, anapaswa kuwa na kisichojulikana kimoja tu kwa wakati. Mwanafunzi alikuwa na viwili, programu yake na kihisi chake, na kila alipogusa kimoja hakujua kama ameponya au ameharibu. Kihisi safi kinaondoa kimoja. Roboti ikigonga ukuta wakati kihisi kinasema ukweli mtupu, kosa ni la programu na si la kitu kingine.

Fundi anaikubali kanuni na kuikataa tiba. "Ukisafisha hivyo, mwalimu, umeiponya roboti ambayo haipo," anajibu. Kihisi cha infraredi hupima mwanga wake uliorudi, si umbali. Kitu kinachoumeza mwanga huo huonekana kiko mbali, na ndivyo ilivyo kwenye roboti ya kweli mbele ya sofa jeusi au soksi nyeusi sakafuni. Programu inayotegemea kizingiti kimoja kwa rangi zote ina kasoro, na kihisi kilichopangwa vizuri kimeifichua kabla haijagharimu chochote. Kubadilisha aina ya kihisi ili kasoro isionekane ni kuifukia.

Mwalimu anamrudisha kwenye jambo ambalo watetezi wa uhalisia hulipita haraka. Kanuni ya wekundu yenyewe si uhalisia. Wekundu unaoonekana kwa macho na mwanga wa infraredi ni vitu viwili tofauti. Zipo rangi za kitambaa ambazo macho huziona nyeusi tii lakini huurudisha mwanga wa infraredi vizuri. Webots inatumia wekundu kwa sababu picha ya kompyuta ina nyekundu, kijani na bluu tu, na nyekundu ndiyo iliyo karibu zaidi na infraredi. Anayejivunia kwamba uigaji wake unajali rangi anaweza kuwa anafundishwa na makadirio, si na vitu halisi.

Hoja hiyo ni nzito, na Fundi haipingi. Anachosema ni kwamba makadirio yanayoelekea upande wa kweli yanafaa kuliko usahihi wa uongo, mradi anayeyatumia ajue ni makadirio. Ajue pia kwamba kisanduku cheusi cha kwenye skrini kinawakilisha kitu chochote kinachomeza infraredi, si weusi wenyewe.

Kabla mjadala haujaenda mbali, kuna mambo ambayo hayana pande mbili. Ni makosa tu, na huondolewa kwanza. La kwanza ni kuiangalia miale. Menyu ya mwonekano ya Webots ina chaguo la kuonyesha miale ya vihisi vya umbali. Mwale hubadilika kutoka nyekundu kuwa kijani pale unapokutana na kitu. Kutazama miale hiyo kwa nusu dakika huokoa saa nyingi za kusoma programu. Mwale ukielekea chini ya sakafu au angani, kihisi kimezungushwa vibaya: mwale hutoka kwenye mhimili wa x wa kihisi, upande chanya, na kosa la digrii 90 ni la kawaida, hasa kwa anayenakili mipangilio ya zamani, kwa kuwa toleo la R2022a lilibadilisha mfumo wa mihimili wa chaguo-msingi. Mwale ukipenya ukuta bila kubadilika rangi, ukuta hauna umbo la mgongano. Vihisi vya umbali havioni picha ya kitu; huona umbo la mgongano lililoambatanishwa nacho, na ukuta mzuri ulioletwa kutoka programu ya uchoraji mara nyingi huja bila umbo hilo. Jambo hili huwachanganya hata wazoefu, kwa sababu lida (kihisi cha umbali cha leza) ya Webots huona picha. Roboti yenye vyote viwili inaweza kuwa na lida inayouona ukuta na kihisi cha umbali kisichouona, kwa wakati mmoja, bila chochote kuwa kibovu.

Kinyume chake pia hutokea. Mwale wa aina ya infraredi, tofauti na wa aina nyingine, unaweza kuugonga mwili wa roboti yenyewe. Kihisi kilichozamishwa milimita chache ndani ya ganda la roboti kitaripoti kikwazo daima, na kikwazo hicho ni ganda.

Kisha kuna muda. Kihisi kisichowashwa na programu hakipimi. Kikishawashwa, kipimo cha kwanza hakipo mpaka hatua ya kwanza ya uigaji ipite; kabla ya hapo thamani ni NaN, yaani si namba. Katika Python na C, kuuliza kama NaN ni kubwa kuliko 80 hujibiwa kwamba si kweli. Programu iliyoandikwa ili roboti igeuke panapokuwa na kikwazo itasonga mbele bila wasiwasi ikiwa kihisi chake hakikuwashwa kamwe. Muda wa kupima nao huwekwa kwa milisekunde na hufuata hatua ya msingi ya uigaji, ambayo kwa kawaida ni 32. Roboti yenye mwendo wa mita 0.5 kwa sekunde husogea sentimita 1.6 ndani ya hatua moja. Kihisi chenye upeo wa sentimita 7 kinapewa hatua nne hivi kabla ya mgongano, na hakuna jedwali, safi au la kweli, litakaloongeza ya tano.

Mambo hayo yakishaondolewa, ndipo ubishi wa kweli unabaki, na kiini chake ni kelele.

Msimamo wa Mwalimu ni kwamba kelele ni ya mwisho. Programu ithibitishwe kwanza kwenye kihisi kisichotikisika, kisha kelele iongezwe kidogo kidogo mpaka programu ishindwe, na kiwango ilichovumilia kiandikwe. Fundi anauliza: kidogo kidogo kuelekea wapi? Namba ya tatu ya jedwali ni mkengeuko sanifu kama sehemu ya thamani. Mstari unaosema mita 0.2, thamani 400 na kelele 0.1 maana yake vipimo vitatawanyika kuzunguka 400 kwa mkengeuko wa 40. Anayeandika 0.1 kila mstari kwa sababu inaonekana ni kiasi cha wastani ameeleza kihisi ambacho hakijatengenezwa popote.

Anatoa mfano wa HC-SR04, kihisi cha mawimbi ya sauti kinachotumiwa sana na wanafunzi wa elektroniki. Hutuma sauti ya kilohezi 40 na kuhesabu muda mpaka mwangwi urudi, kiasi cha mikrosekunde 58 kwa kila sentimita, na upeo wake ni kutoka sentimita 2 hadi mita 4. Kosa lake haliongezeki sana kwa uwiano wa umbali. Tuseme ni milimita 3. Kwa sentimita 30, milimita 3 ni 0.01 ya thamani. Kwa mita 3 ni 0.001. Jedwali lenye kelele moja kwa mistari yote litakuwa kimya mno karibu au la fujo mno mbali, na programu itakayoandikwa juu yake itajifunza kutoamini kipimo pale kinapostahili kuaminiwa.

Suala hili si geni katika taaluma. Mwaka 1992 Rodney Brooks wa MIT alionya kwamba programu zinazofanya kazi vizuri kwenye roboti za kuigwa zinaweza kushindwa kabisa kwenye roboti za kweli, na mojawapo ya sababu alizozitaja ni vihisi vinavyochukuliwa kana kwamba vinasoma umbali kamili. Mwaka 1995 Nick Jakobi, Phil Husbands na Inman Harvey wa Chuo Kikuu cha Sussex nchini Uingereza walilijaribu jambo hilo kwa Khepera, roboti ndogo ya vihisi 8 vya infraredi ambayo pia ni ya ukoo wa EPFL. Walijenga uigaji kutokana na vipimo vya roboti halisi, wakazalisha vidhibiti vya kukwepa vikwazo kwa njia ya mageuzi, vingine bila kelele, vingine kwa kelele iliyopimwa, vingine kwa kelele iliyozidishwa. Vidhibiti vilivyohamia vizuri kwenye roboti halisi vilikuwa vile vya kelele iliyokaribia iliyopimwa. Kelele ilipotofautiana sana na ya kweli, uhamaji uliharibika.

Matokeo hayo yanazigusa pande zote mbili. Yanamkatalia Mwalimu kwamba usafi ni mahali salama pa kuanzia, kwa sababu programu iliyokua katika usafi hujifunza kutegemea usahihi usiokuwepo. Lakini yanawakatalia pia wale wanaodhani kwamba kelele nyingi ni tahadhari nzuri. Kelele iliyozidi nayo huficha: hufanya mbinu za kubahatisha zionekane kuwa sawa na mbinu za busara.

Mwalimu anajitetea kwa hoja ya kweli: vidhibiti vile vilizalishwa na mageuzi, ambayo hunyonya kila mwanya wa uigaji bila kujua yanachokifanya, wakati mwanafunzi anayeandika programu kwa mkono anaelewa anachokitegemea. Fundi hakubali kwamba tofauti hiyo ni kubwa. Mwanafunzi aliyeweka 80 hakuwa ameelewa anachokitegemea. Aliona roboti inageuka, akaridhika.

Kuna aina nyingine ya kasoro ambayo watu husafisha upesi kuliko kelele, kwa sababu inaonekana kama kosa la programu ya uigaji yenyewe. Kihisi cha aina ya "sonar" katika Webots kikiupiga uso kwa pembe inayozidi digrii 22.5, hurudisha thamani ya pasipo kitu. Roboti inayoukaribia ukuta kwa mshazari wa digrii 45 haitauona ukuta mpaka iugonge. Mwanafunzi anayeliona hili kwa mara ya kwanza hukasirika, na jibu lake la kwanza ni kubadilisha aina ya kihisi. Lakini hivyo ndivyo sauti inavyofanya kwenye uso laini: inakwenda upande wa pili, mwangwi haurudi kwa aliyeutuma. Aliyebadilisha aina amepoteza somo la maana kuliko yote kuhusu kihisi cha sauti, ambalo ni kwamba kimoja cha mbele hakitoshi na vingine viwili vya pembeni vinahitajika.

Hapa Mwalimu anakubali bila masharti, na anaongeza kasoro ambayo yeye angetaka isafishwe na ambayo Fundi hana sababu ya kuitetea. Kihisi cha aina ya "generic" au ya infraredi kinaweza kupewa miale mingi, na tanuo la miale hiyo mwanzoni ni 1.5708, yaani digrii 90. Umbali unaorudi ni wastani wa miale yote, kila mmoja ukiwa na uzito wake, si wa ulio mfupi zaidi. Roboti ikisimama mbele ya mlango, nusu ya miale ikigonga fremu kwa mita 0.4 na nusu ikipita hadi mita 2, na uzito ukiwa sawa, kihisi kitasema mita 1.2. Mita 1.2 hapana chochote. Anayetaka kikwazo kilicho karibu zaidi atumie aina ya "sonar", ambayo huchukua mwale mfupi, au apunguze tanuo hadi lilingane na kihisi anachokiiga. La HC-SR04 ni kiasi cha digrii 15. Tanuo la digrii 90 halikuwekwa pale kwa ajili ya kihisi chochote cha dukani.

Mwanafunzi anauliza swali ambalo lilipaswa kuja mapema: kipimo cha mwisho wa upeo kisomwe vipi? Thamani ya 67 kwenye e-puck inaweza kumaanisha kitu kilicho sentimita 7 kamili au uwanja mtupu. Watumiaji wa ROS, mfumo wa kuandikia programu za roboti, walilikabili swali hili na kukubaliana, katika waraka wa viwango uitwao REP 117, kwamba kilicho nje ya upeo kwa umbali kiripotiwe kuwa ukomo chanya, kilicho karibu kupita kiasi ukomo hasi, na kipimo kibovu NaN. Jedwali la Webots halina lugha hiyo. Kwa hiyo anayeunganisha vihisi hivi na programu za ROS aandike mwenyewe mstari unaoigeuza thamani ya mwisho kuwa ukomo; vinginevyo ramani ya roboti itachorwa ukuta wa duara usiokuwepo, unaotembea pamoja na roboti kokote iendako.

Upande wa karibu ni hatari zaidi. Kihisi cha Sharp GP2Y0A21YK hupima kutoka sentimita 10 hadi 80, na kwa sentimita 80 hutoa karibu volti 0.4. Volti hupanda kadiri kitu kinavyosogea, mpaka mahali fulani chini ya sentimita 10, halafu hushuka tena. Kitu kilicho sentimita 3 kinaweza kutoa volti ileile ya kitu kilicho mbali zaidi. Jedwali safi halina mkunjo huo. Jedwali la kweli linao, na Webots inaukubali, maana thamani hazilazimiki kupanda tu au kushuka tu. Programu iliyojaribiwa bila mkunjo itaamini kwamba njia imefunguka wakati roboti imeshaubana uso wake ukutani, na itakanyaga mafuta. Fundi analitaja hili kuwa sababu moja inayotosha kuimaliza hoja ya usafi, na ni vigumu kumpinga.

Swali la jinsi ya kupata jedwali la kweli lina jibu rahisi kuliko linavyoogopwa. Kihisi hufungwa mezani, utepe wa kupimia hutandazwa mbele yake, na kipande cha boksi husimamishwa kwenye alama. Kwa kila umbali husomwa vipimo vingi, tuseme 50, kisha wastani na mkengeuko sanifu hukokotolewa. Wastani ndio namba ya pili ya mstari. Mkengeuko ukigawanywa kwa wastani ndio ya tatu. Alama ziwe karibu karibu pale mkunjo unapopinda na ziachane pale unaponyooka, kama zilivyo kwenye jedwali la e-puck, ambalo hupima kila nusu sentimita hadi 2 na kila sentimita baada ya hapo. Zoezi hurudiwa kwa kitambaa cheusi. Kazi yote ni ya alasiri moja. Asiye na kihisi mkononi anaweza kuanzia kwenye waraka wa mtengenezaji, unaochora mkunjo wa volti, au kwenye vihisi kadhaa vya Sharp vilivyokwisha kuwekwa ndani ya Webots pamoja na majedwali yake.

Kinachobaki kwa Mwalimu ni mpangilio wa kutafuta, na kwa hilo ana haki. Jedwali safi ni chombo cha uchunguzi: huwekwa kwa dakika chache ili kujua kama kosa ni la programu au la kihisi, kisha huondolewa. Likiachwa, hugeuka kuwa dai la uongo kuhusu kitu halisi. Mwanafunzi, baada ya kuyasikia yote, hakubadilisha aina ya kihisi. Alipunguza mwendo, akaifanya programu ilinganishe kihisi na kiwango chake cha pasipo kitu badala ya namba 80, akaongeza sharti la kusimama thamani inapopanda ghafla. Visanduku vyeusi bado vinaonekana vikiwa karibu mno, kwa kuwa ndivyo vilivyo, lakini roboti sasa inafika ikiwa na nafasi ya kusimama.

Majedwali haya husambaa kutoka mkono hadi mkono, mara nyingi bila maelezo yoyote. Anayemgawia mwenzake dunia ya uigaji aandike kando ya jedwali ni kihisi gani kilichopimwa, mbele ya uso gani, kwa volti ngapi, na kama namba zimekisiwa aseme zimekisiwa. Anayepokea jedwali lisilo na maelezo hayo alipime upya kabla ya kulaumu programu yake.